Kinamasi cha Piera

Piera alikata kushoto ghafla, mara ya tatu asubuhi ile, akaiacha njia nzuri iliyonyooka na kuingia vichakani.

"Njia si hiyo hapo?" akauliza Risten, mkewe.

"Hiyo ina mbu."

"Na huku wamehama?"

Piera akazidi kupasua vichaka. Njia ile ilipita chini ya kilima cha Goaski, na nyuma ya kilima kulikuwa na kinamasi chake cha multe, vile vitunda vya rangi ya dhahabu visivyopandwa na mtu. Huku Finnmark, kaskazini kabisa mwa Norwe, mwanamume atamwonyesha mkewe mshahara wake, hata barua za mchumba wa zamani, lakini kinamasi chake cha multe, hapana. Ndoo nane kila Agosti, na hakuna aliyejua zinatoka wapi. Risten akijua, mama yake atajua. Na mama mkwe akijua, heri upige kengele ya kanisa.

Wiki hii multe zilikuwa zimeiva. Piera alishaosha ndoo, Jumamosi aondoke peke yake. Ijumaa jioni Risten akasema, "Robo karne ya ndoa hujanitembeza popote. Kesho nataka kuiona nyika yetu kama watalii wanavyoiona."

Angekataaje bila kutaja ndoo?

Basi akamtembeza. Akamwonyesha maporomoko ambayo mwezi huu hayajazi hata birika. Akamwonyesha jiwe.

"Jiwe la nini?"

"La zamani."

Risten akalipiga picha, akamtumia mama yake. Kila walipofika alipiga picha, akatuma. "Magoti yanamsumbua, maskini. Acha naye atembee kwa macho."

"Mtumie, mtumie," akasema Piera kwa moyo mweupe. Kila picha ilikuwa mbali zaidi na Goaski.

Saa nane wakaketi kando ya ziwa, wakanywa kahawa na kutafuna nyama kavu ya kulungu. Risten akavua viatu, akajikanda vidole.

"Turudi kwa njia ya Goaski, baba. Ni karibu."

Kahawa ikampalia Piera. "Goaski kuna nini? Mawe matupu. Nikupeleke ng'ambo ya ziwa, ukaone mandhari."

"Mbali?"

"Masaa mawili tu."

"Kwenda na kurudi?"

"Kwenda."

Risten akashusha pumzi ndefu. "Haya. Ukishaamua wewe, mimi nani?"

Piera akainuka, akatangulia akipiga mluzi. Ameshinda. Kesho alfajiri, yeye na ndoo zake, na asijue mtu.

Risten akaupiga picha mgongo wa mumewe, akaandika chini yake: "Mama, tunavuka ziwa, una masaa manne mengine. Chuma polepole usiumize kiuno, na ndoo zake zikijaa, tumia sufuria."