Ile S ya Ijumaa

Walimu kumi na mmoja walikuwa wakifanya mtihani wa swali moja, na hakuna aliyethubutu kucheka. Ubaoni, Bwana Byron Oketch, mkuu wa shule hiyo ya bweni nje kidogo ya Ahero, alikuwa ameandika kwa mwandiko wa madaha: One of the goats ____ every Monday. Kwenye pengo wajaze kitenzi cha kukohoa.

"Dakika tano," alisema. "Na hakuna kuangaliana."

Mbuzi hao alikuwa amewazua mwenyewe, na alijivunia. Kilichomsumbua hasa kilikuwa bahasha isiyo na jina ambayo mtu wa boda aliiacha kwa mlinzi siku ya Jumatano. Ndani mlikuwa na karatasi iliyopigwa chapa safi, pambizo zimenyooka, yenye sentensi moja tu: One of the bags of rice disappears every Friday.

Mtu mwingine angetokwa na jasho. Oketch naye alitokwa na jasho, lakini kwanza alicheka. Bags ni magunia, magunia ni mengi, na hapo hapo mtu anaweka disappears, yaani hutoweka, yenye s, kana kwamba gunia ni moja. Hata hesabu ilikuwa imemshinda mwandishi. Kila Ijumaa, magunia ya mchele yaliyotoka stoo na kupanda buti la gari la mkuu, huku Mama Nabututu mtunza stoo akiangalia pembeni, yalikuwa mawili. Oketch aliyaita sampuli. Wanafunzi walibaki na wali wa kuhesabu punje, lakini sampuli ni sampuli.

Hata hivyo, habari hizo zikimfikia Madam Harleen, mwenye shule, mama asiyeonya mtu mara mbili, kazi ya Oketch ingeota mbawa. Ilibidi mwandishi apatikane na kufutwa kazi kabla hajaandika sentensi ya pili. Nani mwingine angejua mambo ya stoo kama si mwalimu? Kazi iliyobaki ilikuwa kumtafuta yule asiyejua kwamba wingi hufuatwa na wingi.

Sasa, kwenye ukuta wa ofisi yake, kwa rangi ya bluu, palikuwa na maneno: The list of rules are for everybody, orodha moja iliyopewa kitenzi cha wingi. Yalikuwa yametimiza mwaka wa nne pale. Walimu waliyasoma kila asubuhi, wakameza mate, wakaenda darasani. Kwa hiyo karatasi zilipokusanywa, kumi zilikuwa na cough, bila s, hata ya mkuu wa idara ya Kiingereza, ambaye ana watoto wanne wa kulisha na akili timamu.

Moja ilikuwa na coughs.

Ilikuwa ya Winny, aliyetoka chuo kule Maseno na kukaa miaka mitatu bila kazi kabla ya kuipata hii. Mama yake na mdogo wake walikula kwa hiyo kazi. Jibu lililotakiwa alilijua vizuri, si lilikuwa limepakwa rangi ukutani? Lakini asubuhi hiyo hiyo alikuwa ameifundisha kanuni hiyo kidato cha pili, na aliona haya kuiasi kabla ya chakula cha mchana.

Akaitwa ofisini.

"Madam Winny, mbuzi hapo ni mmoja ama ni wengi?"

"Ni wengi, sir. Lakini mwenye anakohoa ni mmoja."

"Mimi naona goats. Na goats iko karibu na kitenzi kuliko hiyo one yako."

"Kuwa karibu si kitu, sir. Mtu akisimama karibu na bibi harusi, si ati ndiye ameoa."

Oketch aliikunja ile karatasi. "Nimefundisha Kiingereza miaka kumi na tisa."

"Najua, sir," Winny alisema kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyomuuma mkuu zaidi. Alimwambia akusanye vitabu vyake, barua ya kumfuta angeipata Jumatatu. Winny alitoka bila kubishana. Machozi yalimshinda alipopita lango, akalia njia nzima hadi stendi, akiwaza atamwambia mama yake nini. Kwamba amefutwa kwa sababu ya s?

Jioni, Oketch alifika nyumbani Kisumu akiwa amechelewa, kama Ijumaa zote, na akiwa mchangamfu, pia kama Ijumaa zote. Mkewe, Lornah, sekretari katika ofisi ya wakili mjini, alifungua buti, akatoa gunia, akaliburuta hadi jikoni. Mchele wa shule haukuwahi kumnyima usingizi mama huyu. Aliporudi sebuleni alikuta mumewe amemwekea karatasi mezani.

"Nipigie hii chapa kesho," Oketch alisema akivua viatu. "Kuna msichana pale shuleni ananiandikia barua za kijinga. Nimemshika kwa Kiingereza chake."

Lornah aliisoma akiwa amesimama: One of my teachers have been found with very bad English. Alitoa kalamu kwenye mkoba, akakata have, akaandika has.

"Sasa umeharibu," Oketch alisema. "Teachers ni wengi."

"Huyo msichana mrudishe kazi Jumatatu, Mwalimu. Hajakuandikia kitu." Lornah alifunika kalamu yake. "Kwa stoo gunia zinatoka mbili, Nabututu ameniambia. Hapa inafika moja. Huyo mwanamke anakula hiyo ingine, anaitwa nani?"