Bomba la Baba Mkwe

"Mimi nimekupa binti, wewe unalikataa bomba langu?" alisema baba mkwe, na gereji nzima ikaangua kicheko.

Fundi naye alicheka. Mkwe hapingwi mbele za watu. Aliliweka chini bomba la chuma alilolichomelea mwenyewe, akafunga lile la plastiki ambalo mzee alilitoa kwenye tangi lake la maji, ndilo lipeleke hewa inayosukumwa na turbo kwenye injini ya gari.

"Baba, turbo ina moto. Litalainika, lipasuke, lishike moto."

"Limekaa juani miaka na miaka, mwanangu. Jua nalo ni barafu?"

Injini iliwashwa, ikanguruma kidogo tu. Fundi aliligusa bomba kwa dole gumba, na dole likazama. Alipolitoa, shimo lilibaki kama kwenye unga uliokandwa.

Baba mkwe alibamiza boneti, akaketi kwenye usukani. Pembeni yake mke wa fundi alikuwa tayari anajifunga mkanda juu ya mimba yake.

"Mke wangu, shuka kwanza."

"Nishuke? Kazi ya mume wangu mwenyewe, niogope nini?" alicheka, na baba yake akakanyaga mafuta.