Mbwa Aonje Kwanza

"Mbwa kwanza," alisema Placidia, akaipokea bilauri aliyonyooshewa bila kuionja.

Alimimina mvinyo kidogo juu ya jani la mgomba, akaliweka chini. Mbwa wake, dume jekundu aitwaye Watasema, alinusa, akalamba, akatikisa mkia. Placidia alimtazama kwa kitambo, mithili ya mtu angojaye kuona iwapo ataanguka. Ndipo naye akanywa.

"Umekomaa vyema. Utamu wa ndizi ungalimo."

Eustadia, mwenye mvinyo, hakuifurahia sifa hiyo. Hapo Ihanda, kama kote Karagwe, mwenye kinywaji hutangulia kuonja mbele ya mgeni ili kumwondolea hofu. Naye alikuwa amekwisha kuonja. Kumtanguliza mbwa baada ya hapo kulikuwa ni kumtuhumu mwenyeji kwa sumu hadharani.

"Mama Placidia, nimekukosea nini mimi?"

"Hujanikosea. Mvinyo wako nimeusifu."

"Umeusifu baada ya mbwa!"

"Basi umesifiwa mara mbili."

Bwana Novath, aliyekuwa akijenga hoteli mjini Kayanga, alikohoa kuficha kicheko. Alikuwa amekodi gari ili azunguke na Placidia peke yake, wachague mvinyo wa ndizi wa kuwapa wageni wake. Mbwa hakualikwa. Asubuhi Novath aliposema abaki, Placidia alishuka garini, akashika njia ya kurudi kwake bila kugeuka nyuma, hata honi ilipomwita; ikabidi mbwa apandishwe naye.

Aliihitaji kazi hii kuliko alivyoonyesha. Alipofiwa na mumewe, Yustasi, mashemeji waligawana shamba la kahawa, wakamwachia nyumba na ulimi wake uliosifika kwa kuonja mvinyo. Akichagua vyema leo, Novath angemwajiri. Akikosea, angekwenda kuomba chakula mlangoni kwa hao hao mashemeji.

Homa iliyomwua Yustasi ilimlaza na yeye. Tangu ainuke kitandani, hakupokea kikombe cha mtu pasipo kumtanguliza mbwa. Watu waliyaunganisha mambo hayo mawili, wakapata jibu lao: mjane huyu anaamini mumewe alilishwa sumu. Walipoanza kunong'ona, ndipo alipompa mbwa jina lile.

Kule Nyakakika, kwenye nyumba iliyofuata, mbwa alipiga chafya, akageuza uso. Placidia alilowesha midomo tu, akasema mvinyo umechacha. Novath alionja, akakunja uso, akarudi garini.

Nyumba ya mwisho ilikuwa Igurwa, nayo ilikuwa ya Gideon, mdogo wake Yustasi. Simu zilikuwa zimetangulia kumpasha habari. Ua ulijaa watu. Gideon aliinua kibuyu, akanywa mafunda makubwa, akajifuta midomo.

"Mmeniona? Ningali hai. Sasa kunywa wewe, shemeji. Mbwa atakaa nje ya ua."

"Hatakaa."

"Unaniogopa?"

"Ningekuogopa, ningekuwa hapa?"

"Basi tamka mbele ya watu hawa. Nilimwua ndugu yangu?"

Watu wakasogea karibu.

"Hukumwua," alisema Placidia. "Yustasi alichukuliwa na homa, nami sijapata kusema vinginevyo."

"Mbwa ni wa nini, basi?"

"Mbwa ni wangu, na kinywa ni changu. Nani kati yetu atangulie ni shauri letu sisi wawili."

Mtu mmoja alicheka, akanyamazishwa. Vijana wawili walisogea langoni, wakasimama hapo na fimbo. Novath alimvuta Placidia kando, jasho likimtoka.

"Mama, nakusihi. Hawa watatupiga. Mtoe mbwa, onja, tuondoke. La sivyo, nitatafuta mwonjaji mwingine."

"Mtafute. Naye atakapoona fimbo mbili langoni, atausifu kila mvinyo utakaoletwa. Wageni wako watakushukuru sana."

Novath alimwachia mkono. Placidia alirudi katikati ya ua, akachuma jani kwenye mgomba wa Gideon mwenyewe, akakitwaa kibuyu mikononi mwake, akamimina. Hakuna aliyethubutu kumzuia. Watasema alinusa, akalamba, akalamba tena, akalipindua jani kutafuta yaliyosalia.

Placidia alikunywa taratibu, macho kayafumba.

"Bwana Novath," alisema, "nunua huu. Hatujaonja ulio bora kuliko huu leo."

Gideon alibaki kinywa wazi; alikuwa amejiandaa kwa matusi, si kwa sifa. Novath alionja, akaomba aongezwe. Vijana wa langoni waliziweka fimbo chini.

Njiani kurudi, Novath alisema neno moja tu la kazi: "Jumatatu uanze, Mama. Njoo naye."

Jua lilikuwa lingali juu ya migomba gari liliposimama mbele ya nyumba ya Placidia. Alishuka kwa madaha, akaagana na Novath, akaketi kwenye benchi lililoegemea ukuta wa jikoni. Mbwa alianza kulia, akiuvuta upindo wa kitenge chake kwa meno.

"Tulia," alimwambia akitabasamu. "Tumewashinda."

Binti yake, Felicitas, alikuwa akitoka kisimani. Akiwa bado mbali aliitupa ndoo, akaja mbio, akampita mama yake bila salamu na kuingia jikoni. Alitoka na sufuria ya maharage yaliyokwisha kuwa mkaa.

"Mama! Harufu imenifikia kule bondeni, nawe umeegemea ukuta huu huu! Tangu ile homa, hata hii huisikii?"

"Punguza sauti," alisema Placidia. "Gari la Novath halijapita kona."