Ndoto ya Kopo la Pili

Siku hizi ardhi hupimwa kwa kulaliwa. Mpimaji huchimba kisima, huchota udongo wa chini kabisa, huutia koponi, kisha huliweka kopo chini ya mto wake na kulala mchana. Udongo safi huleta ndoto yenye kelele: mvua, vyura, watu wakibishana. Udongo wenye sumu huleta ndoto bubu.

Tunu alikuwa ametoka kuchimba kwenye kiwanja cha kiwanda cha betri kilichofungwa. Kama ilivyo desturi ya wapimaji, alichota pia kopo la pili, la kulinganishia, kutoka mahali panapojulikana kuwa pasafi. Siku zote alilichota kwenye bustani yake mwenyewe, nyuma ya jiko.

Alipolala aliwaona watu wameketi mkekani wakila. Waling'aa kama walioogeshwa na mbalamwezi, nao walicheka mpaka wakaegemeana, lakini sauti haikutoka. Akaamka amejaa huruma.

"Maskini, kiwanja cha watu," akanong'ona, akapitisha mkono chini ya mto.

Lililotoka lilikuwa kopo la pili.

"Mama Zuhra, njoo tule," mumewe, Shomari, aliita kutoka uani. "Mchicha wa bustani yetu umekubali leo, mtoto ameshaanza kuudokoa."

Tunu akatoka. Walikuwa wameketi mkekani. Zuhra akacheka, mdomo umejaa mboga, na mama yake akabaki amesimama mlangoni akikisikiliza kicheko kile, akiogopa kisije kikakatika.