Majibu ya Msibani

Haya alinieleza Zuhura wa Mtanda mwezi wa sita, tukipepeta ufuta wake, na ungo ulimtikisika mikononi kwa kicheko.

Simu ilimkuta mumewe, Shaaban, na tonge mdomoni. Aliinuka, akasikiliza amesimama, anajibu "ndiyo, mheshimiwa, ndiyo," mpaka tonge likashuka lenyewe bila kutafunwa.

Aliyepiga ni Augustine, katibu wa chama wa wilaya. Chama kilipitisha vijana mitaani kuwauliza watu kama uchaguzi wa mwakani watampa Rais kura tena, na majibu yametoka. Mtaani kwa Shaaban waliulizwa watu kumi. Watatu wamesema watampa. Saba wamesema hapana.

"Jumamosi nakuja," katibu alisema. "Nikukute na maelezo. La sivyo tutafute mwenyekiti wa tawi mwingine."

Uenyekiti ule Shaaban alikuwa nao tangu binti yake Warda hajaota meno, na sasa Warda ana watoto. Bila huo angebaki mzee wa kawaida tu, wa kupigiwa honi na bodaboda.

"Kaa ule, Baba Warda," Zuhura alimwambia. "Uchaguzi bado mwaka mzima. Nani anapima korosho mti ungali na maua?"

"Na mkorosho usiotoa maua, korosho utaziokota wapi?"

Akatoka. Mguu mmoja kandambili yake, mwingine ya mkewe.

Alianzia kwa Maftaha, muuza mihogo ya kukaanga.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Maftaha, wewe mwakani kura yako kwa nani?"

"He! Swali gani hilo? Kwa Rais. Chukua muhogo, mwenyekiti, mbona umekonda ghafla?"

Benjamini, fundi baiskeli, aliapa kwa Mungu aliye juu, spana mkononi. Genoveva alisema yeye Rais anamwombea kabla hajawaombea wanawe. Kila mlango aliogonga ulimjibu hivyo hivyo, na kila jibu lilimzidishia homa. Kama wote wanampenda Rais, hao saba ni kina nani? Usiku alijigeuza kitandani kama chapati, mpaka Zuhura akahamia mkekani.

Ijumaa, akitoka msikitini, alikutana na Nusaiba, jirani wa ukuta kwa ukuta.

"Unahangaika na wale vijana wa maswali?" Nusaiba alimuuliza. "Si walikuja siku ya maziko ya Mzee Saad? Mtaa mzima milango imefungwa. Wakawauliza watu palepale msibani."

Shaaban siku ile hakuwepo, alikuwa Tingi kwenye mkutano wa chama. Alisimama katikati ya njia, akajipiga paja.

"Watani!"

Maana huku kwetu mtu akifa, wafiwa hulia na watani wake huwachekesha. Kwa Mzee Saad, Valentini alilala njiani mbele ya jeneza, akidai marehemu hapiti mpaka anunue kahawa, maana zamu ilikuwa yake. Wenzake walivaa kanzu za marehemu, wakatembea kwa mikogo yake. Na mtani aliye kazini humuulizi jambo ukaligeuza ushahidi. Muulize njia ya makaburini, atakuelekeza sokoni.

Basi hao saba ni watani, na hapana yao ni ya kutania. Usiku ule Shaaban alikoroma hata kuku wakashtuka.

Jumamosi katibu alifika na sura ya kufukuza mtu. Shaaban akamsimulia. Augustine mwenyewe ni mtoto wa huku huku, wa Kilangala, utani anaujua. Alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi.

"Mheshimiwa," Shaaban alisema, kifua mbele, "Mtanda ni ya Rais nyumba kwa nyumba, kuanzia yangu. Siku ya uchaguzi ikionekana vingine, uenyekiti nitauvua mwenyewe mbele ya watu."

"Hebu rudia hapo," katibu alisema, akamrekodi kwa simu, na palepale akayatuma maneno yale mkoani.

Shaaban alimsindikiza hadi kwenye gari. Wakati wa kurudi alikutana na Valentini anakokota baiskeli.

"Watani nyie, mlitaka kuniua! Watu saba wazima mnamkataa Rais?"

Valentini aliiegemeza baiskeli ukutani. "Saba wa wapi, mwenyekiti? Watani pale tulikuwa watatu. Mimi, Skolastika na Salumu."

"Haya, watatu. Mkasema hapana."

"Tulisema ndiyo." Valentini alikuwa ameshaanza kucheka. "Si tulikuwa tunatania?"

Shaaban alifika kwake hajui amepita njia gani. Joto la mchana lilikuwa limeshika, na Zuhura amejinyoosha mkekani baada ya kuosha vyombo, macho yanamlegea.

"Mama Warda. Msibani kwa Mzee Saad, si wewe ulikuwa kule unapika?"

"Nilikuwepo."

"Wale vijana walikuuliza?"

"Waliniuliza."

"Ukawajibu nini?"

"Mimi na Mzee Saad hatukuwa watani, Baba Warda," alisema, akavuta khanga akajifunika uso, akalala.