Titi la Mkurugenzi

Barua ilisema waziwazi: titi la kushoto la Mkurugenzi lina uvimbe, afike hospitali leo kabla ya saa sita. Mkurugenzi aliisoma mara mbili, akashusha pumzi, akaagiza chai.

Titi lililoandikwa humo, kwa hesabu zake, halikuwa lake.

Alikuwa mwanamke wa kutuma watu. Alijiandikisha mazoezini, Katibu wake akaenda. Katibu akapungua kilo nane, Mkurugenzi akapongezwa. Alipokosana na mama mkwe, Katibu ndiye aliyepiga magoti na kulia kwa kwikwi mpaka Mkurugenzi akasamehewa. Hata dada yake mkubwa alipolazwa kwa saratani ya matiti iliyogunduliwa imeshatambaa, Mkurugenzi hakutia mguu wodini. Katibu alikaa kando ya kitanda kile wiki sita, na siku ya mazishi akaomboleza kwa niaba.

Kwa hiyo kampuni ilipoamuru kila mfanyakazi wa kike aliyefikisha miaka arobaini apimwe matiti kila mwaka, Mkurugenzi hakuumiza kichwa.

"Mdogo wangu, wewe unayo mawili, mimi ninayo mawili. Watajuaje?"

"Bosi, kipimo hiki si cha kutuma mtu."

"Mimi sina nafasi ya kuugua. Nenda."

Katibu akawa anakwenda mara mbili kila mwaka, huku akinung'unika: Jumanne kwa jina lake, Alhamisi kwa jina la Bosi, amebadili kilemba na kuvaa miwani. Miaka mitatu, majibu safi. Mkurugenzi aliyabandika ukutani, na mikutanoni akawahubiria wenzake kwamba afya ni nidhamu.

Mwaka huu Katibu hakubisha hata kidogo. Alichukua fomu, akasema, "Sawa, Bosi," na Mkurugenzi akafurahi kwamba hatimaye mwenzake ameizoea kazi. Yeye mwenyewe alikuwa na jambo kubwa zaidi. Alikuwa ameitwa ng'ambo kupokea tuzo ya uchapakazi, na kwenye viza hawakubali mwakilishi. Katibu alimzungusha Alhamisi nzima, jengo hadi jengo. Mkurugenzi alirudi anafoka.

"Vidole! Sindano! Picha nne! Nikakaguliwa mwili mzima kama mlanguzi wa dhahabu! Hawa watu wananipa viza au wananioa?"

Sasa, barua ikiwa mbele yake, alimwita Katibu.

"Pole sana, mdogo wangu," alisema kwa sauti ya msiba.

Katibu aliisoma barua akiwa amesimama. Macho yalimjaa machozi. Mkurugenzi alitaka kumkumbatia, ila miguu iligoma. Ilikuwa kama siku ile simu ya wodini ilipoita. Akabonyeza kengele. Mhasibu, mwanamke wa mabega mapana, akaingia mbio.

"Mkumbatie huyu kwa niaba yangu. Kwa nguvu."

Mhasibu hakuuliza; katika ofisi ile maswali yalikwisha zamani. Alimkumbatia Katibu mpaka kilemba kikaanguka.

"Basi, inatosha, usimmalize," Mkurugenzi akasema, na Mhasibu akatoka.

Mkurugenzi akanywa chai funda moja. Moyoni alikuwa tayari anajiuliza nani atakwenda mazoezini.

"Likizo nimekupa, na mshahara wako utaupata wote. Na usikate tamaa. Wameandika uvimbe bado ni mdogo, umewahiwa, unatibika. Mshukuru Mungu kwamba nilikutuma."

"Namshukuru, Bosi." Katibu alijifuta macho, akakunja barua. "Gari liko nje. Tunakwenda wote."

"Wote? Mimi nikafanye nini huko? Mwenye uvimbe ni wewe!"

"Mimi nilipimwa Jumanne, nikaonekana mzima, na Alhamisi sikupimwa kwa jina lako. Zile picha nne, Bosi, hazikuwa za viza, na msamaha siombi; inuka."