Ingia Naye

Kengele ilipolia mtaani, watu walipiga magoti milangoni mwao. Tangu kanisa lifungwe kwa sababu ya kipindupindu, Padri Anselmi alikuwa akiipitisha Ekaristi Takatifu mitaani ili waumini waiabudu. Skolastika peke yake alibaki wima, mbele ya mlango wake wenye alama nyekundu ya ugonjwa.

"Mama Modesta, piga magoti," jirani alimnong'oneza. "Bwana anapita."

"Namwona. Hapa kwangu ndiyo kazi yake, kupita."

Padri alisikia, akasimama. Alikuwa ameishika monstransi, chombo chenye Ekaristi, kwa mikono iliyofunikwa shela jeupe.

"Pole, mama. Nimemwombea marehemu."

"Ukiwa wapi, Padri? Mwanangu aliomba mpako wa wagonjwa tangu asubuhi. Nikakutumia watu, ukasema unakuja. Mpaka jioni, kila upepo ulipotikisa mlango, aliniuliza kama ni wewe."

Padri aliinamisha kichwa. "Niliogopa," alisema.

Katekista akatikisa kengele ili msafara uendelee.

"Hebu acha hiyo kengele," Skolastika alisema. Akausukuma mlango kwa nguvu hadi ukagonga ukuta. Ndani kilionekana kitanda cha Modesta, kamba tupu bila godoro. Skolastika akasogea pembeni kumpisha Padri.

"Ingia naye."

Padri alisimama kizingitini, monstransi mikononi mwake. Moshi wa ubani wa msafara ukampita begani, ukaingia ndani wenyewe.